Nesi, Nipime Moyo

Kila zahanati niliyopangiwa kazi nimeukuta wimbo wa chandarua. Upo pia wa mboga za majani, wa vidonge vya kuongeza damu, na ule wa kuwakataza kina mama kujifungulia nyumbani, ambao hata watoto wa shule wanaopita njia ya mkato nyuma ya jengo wanaujua mwanzo mpaka mwisho. Saa mbili asubuhi wajawazito wamejaa kwenye mabenchi, kadi mkononi, nesi anasimama mbele na kuanzisha, wao wanaitikia na makofi. Mimi ni mkunga, nimeimbisha nyimbo hizo tangu nikiwa mwanafunzi, na sauti ninayo. Sizidharau hata kidogo. Wapo kina mama wasioweza kusoma bango la ukutani lakini wanakutajia dalili za hatari zote bila kuruka hata moja, kwa sababu zimo ndani ya wimbo: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukimkatiza katikati inabidi aanze upya, maana anazitaja kwa mahadhi.

Ila zisikilize vizuri. Ni amri tupu. Kula hiki, meza kile, lala humu, njoo tarehe fulani, usithubutu. Anayeimba ni mama, mwenye maneno ni serikali. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwenye benchi letu ubeti ambao mama mwenyewe anasema lake.

Ubeti wa kwanza wa namna hiyo aliuleta bibi mmoja ambaye hata mimba hakuwa nayo. Alikuja kumsindikiza mjukuu wake. Binti alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa wa miezi saba, hakukaa. Zahanati yetu iko njia ya Pangani, nje kidogo ya Tanga mjini, na Alhamisi ndiyo siku ya wajawazito, kwa hiyo panajaa. Nilimpima yule binti: uzito, presha, damu, nikapitisha utepe juu ya tumbo, nikamsikiliza mtoto kwa fetoskopu. Kila kitu sawa. Nikamuuliza, "Unaendeleaje, mwanangu?" Akajibu, "Salama, nesi," huku anaangalia ndala zake. Nikaandika kwenye kadi.

Kule nje bibi alikuwa ameazima sinia la mama anayetuuzia maandazi. Akalipindua mapajani, akalipiga kwa kijiko, taratibu, akachukua mahadhi ya wimbo wetu wa chandarua na kutia maneno mengine:

Nesi we nipime moyo,
tumbo umeshalipima.

Benchi zima likapasuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, nikiwa bado nimeshika fetoskopu. Bibi akarudia, akasubiri, akarudia tena. Ndipo mama mmoja wa makamo, mimba yake ya tano, mtu ambaye huwa hasemi na mtu, akadaka:

Chandarua nimepewa,
kitanda sijajaliwa.

Hapo makofi yakaanza. Akafuata mwingine, mumewe yuko migodini:

Mume kenda Mererani,
simu haishiki tena.

Huyu wa Mererani alipomaliza kuimba alikaa chini akalia, na jirani yake kwenye benchi akamshika mkono, wakaendelea hivyo hivyo mpaka foleni ikawafikia. Yule mjukuu siku ile hakuimba. Alicheka tu, akajifunika uso kwa ushungi. Ubeti wake ulikuja baadaye sana, na sitauandika hapa, kwa kuwa ni wake.

Bibi nilimfuata jioni kwake. Kumbe ujanani alikuwa somo, yaani kungwi wa kuwafunda wari, na mabinti wengi wa mtaa wake wamepita mkononi mwake. Mtu wa pwani hapo ameshaelewa. Katika unyago wetu, jambo ambalo mdomo unaona haya kulisema, ngoma hulisema. Watu wa bara wanamjua Bi Kidude kwa taarab, lakini wanawake wa Zanzibar walimjua pia kwa unyago, na kazi hiyo aliendelea nayo mpaka uzeeni kabisa. Alifariki Aprili 2013. Bibi yetu aliniambia kwa ufupi: "Nyie mmechukua ngoma, mmeacha mambo yake." Nikamwomba aje kila Alhamisi. Akauliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo.

Tangu hapo tunakaa baada ya vipimo, chini ya mwembe ulio upande wa tangi la maji. Anayetaka anabaki, mwenye haraka anakwenda zake. Wimbo wa chandarua tunauimba kwanza, wote, vizuri, maana na huo una kazi yake. Kisha bibi anapindua sinia.

Sasa niseme kwa nini nililichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu wenzangu wa kazini waliona nimeanzisha kijiwe. Shirika la Afya Duniani linasema wajawazito kama asilimia 10 duniani, na waliojifungua asilimia 13, wanapata maradhi ya akili, hasa sonona; katika nchi kama zetu ni asilimia 15.6 wakati wa mimba na 19.8 baada ya kujifungua. Weka hesabu hiyo kwenye benchi la wanawake 20: watatu. Mimi ninampima kila mmoja wao damu, na wala siwajui hao watatu ni nani. Upo mfululizo wa maswali 10 uliotungwa Edinburgh mwaka 1987, unaotumika nchi nyingi kumuuliza mama kama ameweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Ni maswali mazuri. Lakini muulize mwanamke wa huku, mavyaa wake, yaani mama mkwe, kakaa pembeni, mlango wa chumba haufungi, foleni inapiga kelele nje. Atakujibu "nashukuru Mungu" mara kumi.

Mwanangu wa kike anasoma Dodoma, ndiye aliyenitumia habari za Gambia. Alidhani nitafurahi, na nilifurahi mpaka nikampigia simu usiku. Kule kuna vikundi vya wanawake vinaitwa kanyeleng. Anayeingia ni mwanamke aliyehangaika kupata mtoto, au aliyezaa watoto wakafa. Badala ya kujificha na aibu yake, anajiunga na wenzake na wote pamoja wanaigeuza aibu kuwa mchezo: wanavaa matambara au nguo za kiume, wanakula kwa fujo hadharani, wanaimba utani ambao mwanamke mwenye heshima hatakiwi kuutamka. Vichekesho vyao ni dua pia. Mtoto akipatikana hupewa jina la ajabu ili kifo kisimtamani. Niliposoma hapo nilisimama, kwa sababu kadi za watoto wanaoitwa Tabu, Shida na Mashaka nimeziandika nyingi kwa mkono huu huu, na mama zao wakanieleza sababu ile ile.

Idara za afya za Gambia zimekuwa zikiwatumia kanyeleng kwa kampeni kwa miaka mingi, yaani na wao wanao wimbo wao wa chandarua. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Goldsmiths, London, pamoja na wenzao Wagambia wakaja na swali jingine: je, wanawake hawa wakikaa na wajawazito kliniki na kuimba nao, mioyo inapumzika? Walichukua wajawazito 124. Waliokuwa upande wa kuimba walikaa na kanyeleng mara moja kwa wiki, kwa wiki sita, kama saa moja kila mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ Open: dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwa walioimba. Watafiti wenyewe waliliita jaribio la kuona kama jambo linawezekana, kwa hiyo asije mtu akasema nesi wa Tanga kasema nyimbo zinatibu. Kilichonikaa mimi ni nani aliyepewa kuongoza. Hawakumleta mwalimu wa muziki kutoka mjini. Waliwachukua wanawake ambao wamezika watoto wao, wakawaweka mbele ya wanawake wanaoogopa kuzika.

Bibi wetu alizika wanne. Sikulijua hilo mpaka alipoliimba.

Uingereza nako wamelipima jambo hili, kwa waliokwisha kujifungua: wanawake 134 wenye dalili za sonona, wengine wakaimba na watoto wao kwa wiki 10, wengine wakacheza tu na watoto, wengine wakabaki na huduma ya kawaida. Wote walipata nafuu kadiri siku zilivyokwenda, ila wale wenye hali nzito zaidi walioimba walianza kupata nafuu mapema kuliko wengine. Inatosha kuhusu Uingereza.

Nirudi kwenye mwembe. Tuna kanuni chache, nyingi kaziweka bibi. Jina la mume halitajwi. Nyimbo za dini zinabaki msikitini na kanisani, si kwa ubaya, ila benchi letu lina Waislamu na Wakristo, na mtu asijione mgeni. Ubeti ukiimbwa hapa haurudiwi sokoni. Na kanuni yangu mimi, ambayo sikubali ijadiliwe: mama akiimba kwamba amechoka kuishi, sinia linanyamaza kwangu. Bibi anaendelea na wengine, mimi namchukua yule mama ndani, nafunga mlango kwa kiti, tunazungumza, na ikibidi naandika rufaa ya hospitali ya mkoa siku hiyo hiyo na kumtafutia mtu wa kumsindikiza. Wimbo umenionyesha mtu. Kumtibu ni kazi nyingine. Vivyo hivyo presha: mama anayeona maruweruwe haimbi, anapanda gari.

Kuna ubeti mmoja ulioleta kasheshe. Pengine mnajua utaratibu ulivyo sehemu nyingi: hudhurio la kwanza mama anatakiwa aje na mwenza wake wapimwe pamoja, na asiye na mwenza anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ni njema, wanaume wapimwe. Ila msichana aliyekimbiwa anakwenda kusimama mbele ya mwenyekiti na wazee wa baraza kueleza kwamba hana mtu, halafu anakuja kwetu na karatasi yenye mhuri. Binti mmoja aliimba:

Barua ya mwenyekiti,
mume wangu karatasi.

Ukaenda mtaani siku hiyo hiyo, kanuni ya bibi au sivyo. Mwenyekiti akaja zahanati. Nilidhani kaja kugomba. Alikaa kwenye benchi, akasikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli barua ni lazima. Nilimwambia mimi mwanamke namhudumia hata akija na mikono mitupu. Hatujamaliza hilo jambo, lakini siku hizi akiombwa anaandika pale pale uani kwake bila kuita baraza.

Wanaume walikuja kwa njia ya bodaboda. Wanawaleta wake zao, wanasubiri kivulini, wanachezea simu. Sinia likilia wanageuza shingo. Nilikuwa nimesoma kuhusu mradi wa nyimbo za kubembeleza wa Carnegie Hall ya New York, ulioanza mwaka 2011 katika hospitali ya Jacobi kule Bronx. Mjamzito anakaa na mwanamuziki, anaanza kwa kumwandikia mtoto wake barua, kisha maneno ya barua yanatiwa mahadhi, na wimbo unarekodiwa unakuwa wa familia ile. Wameufikisha mpaka makazi ya wasio na nyumba na gereza la Rikers Island. Sisi mwanamuziki wa kulipwa hatuna, na barua kwetu zimekwisha kutia watu nuksi. Tukafanya kwa mdomo: sema kitu kimoja utakachomwambia mtoto akilia usiku, bibi atatafuta mahadhi.

Kijana mmoja wa bodaboda, helmeti bado kichwani, alisukumwa na wenzake mbele. Akasimama kama dakika nzima anacheka cheka. Mkewe akamwambia, "Sema basi, si ndiyo unavyonidanganya mimi kila siku kwenye simu." Akaimba, sauti nzito isiyojua iende wapi:

Lala, baba yu njiani,
kichwa kimoja, narudi.

Kichwa ni abiria, kwa msiopanda bodaboda. Wale vijana wote wanaujua sasa. Nimewasikia wakiuimba kituoni, wakingoja wateja, kwa utani kidogo lakini si utani mtupu.

Na mtoto anasikia, jamani, hilo si imani tu. Kuanzia kama wiki ya 25 ya mimba mtoto anaanza kuitikia sauti, na anayoipata kwa wingi kuliko zote ni ya mama yake, kwa sababu inamfikia kwa ndani na kwa nje. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba vichanga vya siku tatu au chini ya hapo vilinyonya chuchu bandia kwa mpangilio fulani ili vipate kusikia sauti ya mama zao badala ya mwanamke mwingine. Siku hizi nakutana na kina mama wa mjini wanaobandika spika za simu tumboni kumpigia mtoto Mozart ili awe na akili. Ile habari ya Mozart ilianzia kwenye jaribio la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima wenye ndevu. Zima simu, mwanangu, imba wewe. Hata kama sauti yako ni ya kufukuza kunguru.

Alikuja bwana mmoja wa mradi, sitataja mradi gani. Gari nzuri, daftari nzuri, mtu mwenyewe mpole. Alipenda alichokiona akapiga picha, kisha akatoa mapendekezo. Tupate fulana zenye ujumbe. Tuwe na fomu ya mahudhurio. Washiriki walipwe posho ya nauli. Na nyimbo ziwe na "ujumbe chanya", kwa hiyo ule wa kitanda tuuache, na wa karatasi tuuache kabisa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Mwanangu, kwenye fulana mtaandika chandarua?" Bwana akasema ndiyo, kwa mfano. Bibi akarudi kupiga sinia. Mimi kama mtumishi sikuweza kujibu kwa namna ile, nikaomba muda wa kumweleza mganga mfawidhi. Naye kwa bahati ni mtu muungwana. Alisema posho ikianza, siku itakapokoma na wanawake watakoma. Gharama yetu ni chupa mbili za chai na mihogo, tunachangiana, na aliye hoi hachangii.

Kilichobaki ni mavyaa. Nimewaacha mwisho kwa sababu ndio wenye nyumba. Mama akitoka wodini, arubaini yote yuko mikononi mwao: wao ndio wanaomkanda kwa maji ya moto, wao ndio wanaopika uji wa pilipili manga, wao ndio wanaoamua kama mtoto atapewa maji kabla ya miezi sita au la, haidhuru mimi nimeimbisha nini. Programu ya mjamzito isiyomgusa mavyaa ni kazi bure, na hili siwezi kulisema kwa upole zaidi. Tukawaalika. Walikuja wachache, wakakaa benchi la nyuma, mikono imefungwa kifuani. Na binti mmoja, Mungu amsamehe, akachagua siku hiyo kuimba:

Mavyaa ana maneno,
uji wangu aupima.

Kimya. Hata bibi sinia lilimkawia mkononi. Mama mkwe anayesemwa alikuwa pale pale, kila mtu anajua, na binti mwenyewe kaona kilichotokea akawa anatafuta pa kujificha na tumbo la miezi minane. Mavyaa akainuka. Akajifunga kanga kiunoni, na mtu wa Tanga akimwona mwanamke anajifunga kanga hivyo anajua ama ni vita ama ni taarab. Akaja mbele, akamnyang'anya bibi kijiko:

Uji ulipika nani,
hata ukashiba jana?

Nyumba ya jirani walitoka kuangalia nini kimetokea. Wakarudishiana pale, huyu kajibu, yule kamkata, benchi la mbele likawa upande wa binti na la nyuma upande wa mavyaa, mpaka saa saba mchana na mwenye sinia lake analitaka akauze. Waliondoka pamoja kwenye bodaboda moja, mavyaa kamshikia mkaza mwana mkoba wenye kadi, wote wawili hawajakubali kushindwa. Wakwe wa benchi la nyuma wamekwisha kutuma salamu kwamba Alhamisi ijayo wanakuja na beti zao zimetungwa kabisa, na wamemtafuta mtu wa ngoma. Mabinti nao wanajua. Mganga mfawidhi ameniomba nihakikishe vipimo vimeisha kabla ya saa nne.